SOMO LA IJUMAA: FATAKI, JIRANI NA SHERIA YA MJI

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.



Somo la juma hili linahusu jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni fataki, au petari kama watoto wetu wanavyoziita. Idi ikikaribia, na mwisho wa Desemba ukifika, hulia katika avenyu zetu. Wazee hulalamika, vijana husema ni furaha tu. Mkubwa wa mji akitoa katazo, husomwa redioni, na usiku uleule petari zinalia. Tujifunze pamoja kwa nini huwa hivyo, na sheria ya mahali ishike nini ili imlinde mtu kweli.

1. FATAKI NI KITU GANI

Ndani ya fataki mna baruti. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa vitu vitatu: shura, makaa ya miti na salfa. Sehemu kubwa, kama robo tatu, ni shura. Shura ndiyo inayotoa oksijeni ya kuunguzia makaa na salfa, na kwa hiyo baruti haihitaji hewa ya nje ili iwake. Ndiyo sababu kuifunika kwa nguo au kwa mchanga hakuizimi kama unavyozima jiko. Ikifungwa ndani ya karatasi ngumu, gesi ya moto hukosa pa kutokea, karatasi inapasuka, na huo ndio mlio tunaousikia. Rangi za zile zinazoruka angani hutokana na madini: strontiamu hutoa nyekundu, bariamu hutoa kijani, shaba hutoa buluu.

Hata kile kijiti cha cheche ambacho mama humpa mtoto mdogo akidhani hakina neno, moto wake hufika kama digrii 1,000. Maji ya chai huchemka kwa digrii 100. Tulinganishe wenyewe.

2. YALIYOTOKEA UHOLANZI

Tunachukua mfano wa mbali, Uholanzi huko Ulaya, kwa sababu mbili. Kwanza, watu wa kawaida wa nchi ile wana desturi ya kuwasha fataki wenyewe barabarani mkesha wa mwaka mpya. Pili, mambo yaliyowapata yalichunguzwa na kuandikwa, hata sisi twaweza kujifunza kwayo bila kungoja yatupate.

Tarehe 13 Mei 2000, siku ya Jumamosi, ghala la fataki lilishika moto katika mji wa Enschede, katikati ya makazi ya watu. Watu 23 walikufa, wanne kati yao wakiwa wazima-moto. Karibu watu 950 waliumia, na nyumba kama 400 ziliharibika kabisa. Tume iliyoundwa kuchunguza ilikuta mambo mawili. La kwanza, ghala liliweka fataki nzito kuliko zile zilizoandikwa katika ruhusa yake. La pili, manispaa na serikali, waliotoa ruhusa na waliopaswa kukagua, hawakufanya kazi yao sawasawa. Basi karatasi ya ruhusa ilikuwepo, mhuri ulikuwepo, lakini jicho la mkaguzi halikuwepo.

Kabla mwaka haujaisha tangu msiba huo, usiku wa kuingia tarehe 1 Januari 2001, vijana walikuwa wakisherehekea ndani ya mkahawa mmoja katika mji wa Volendam. Vijiti vya cheche viligusa matawi makavu ya mapambo yaliyoning'inizwa darini. Vijana 14 walikufa, na wengine wengi wakabaki na makovu ya moto. Hapo hapakuwa na ghala wala kombora, ni vijiti tu.

3. MILANGO MITATU

Baada ya misiba hiyo, Uholanzi ilitengeneza kanuni mpya za fataki zilizoanza kutumika mwaka 2002. Ukizitazama na zile zilizoongezwa baadaye, utaona zinasimama kwenye milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni ghala. Nani anaweka baruti, kiasi gani, na umbali gani kutoka nyumba za watu? Huo ndio mlango mkubwa, kwa sababu fataki moja huunguza kidole, lakini marobota yaliyopangwa pamoja huwashana moja kwa moja mpaka kartie nzima inaondoka.

Mlango wa pili ni duka. Kwa miaka mingi mwenye duka kule aliruhusiwa kumuuzia mtu wa kawaida katika siku tatu tu za mwisho wa mwaka. Fataki ziligawanywa kwa madaraja: zile ndogo kabisa kwa mwenye miaka 12 na zaidi, zinazofuata kwa mwenye miaka 16, na daraja la juu kabisa halikuuzwa ila kwa fundi aliyesomea kazi hiyo. Kuanzia Desemba 2020 fataki za mlio mtupu na makombora yanayoruka angani yaliondolewa madukani kabisa.

Mlango wa tatu ni barabara. Wapi na saa ngapi? Tangu mwaka 2014 ruhusa ya kuwasha ilikuwa kuanzia saa 12 jioni tarehe 31 Desemba mpaka saa 8 usiku. Nje ya saa hizo ni kosa. Manispaa nazo ziliweza kuongeza sehemu zisizoguswa, kama karibu na hospitali na nyumba za wazee.

4. KATAZO LA MJI MMOJA

Sasa tufike kwenye fundisho lenyewe. Miji kadhaa ya Uholanzi, kama Rotterdam na baadaye Amsterdam, iliamua kukataza kabisa watu kuwasha fataki ndani ya mipaka yake. Lakini sheria ya nchi ilikuwa bado inaruhusu kuuza. Meya aliweza kumkataza mtu kuwasha, asiweze kumkataza mwenye duka kuuza. Ikawa mtu ananunua kwa halali mchana dukani, na usiku anaambiwa asiitumie. Wengine walivuka mpaka kwenda Ubelgiji na Ujerumani kutafuta zilizo kali zaidi. Polisi wakabaki kukimbizana na vijana gizani.

Kwa hiyo mwaka 2025 Bunge la nchi ile lilipitisha sheria ya kuwakataza watu wa kawaida fataki katika nchi nzima, ikikusudiwa kuanza na mkesha wa kuingia mwaka 2027. Wakaacha nafasi moja: kundi la raia waliojifunza laweza kumwomba meya ruhusa ya kuwasha kwa pamoja, mahali pamoja, chini ya masharti.

Tuelewe vizuri, ndugu zangu. Katazo linaloshika mlango wa barabara peke yake, huku ghala na duka vikiwa wazi, ni sawa na kufagia maji ya mvua bila kuziba bati linalovuja.

5. HAPA KWETU

Kwetu hatari ina sura yake. Katika Goma na Bukavu kartie nyingi zina nyumba za mbao zilizosongamana, na njia haipitishi hata gari. Kando ya barabara kuna watu wanaouza mafuta ya gari katika bidoni na chupa. Cheche moja ikiangukia hapo, hatuna haja ya ghala la Enschede.

Tena kuna jambo la mlio. Watu wa Goma walikimbia mapigano Novemba 2012 na tena Januari 2025. Wa Bukavu waliyaona Juni 2004 na Februari 2025. Mtu aliyelala chini ya kitanda na watoto wake akihesabu risasi hawezi kusikia petari na kujua upesi kwamba ni mchezo. Mama mjamzito anaanguka akikimbia. Mzee anapandwa na presha. Askari wa zamu naye, aliye na bunduki yenye risasi, aweza kudhani ameshambuliwa akajibu. Kijana anayewasha anacheka, hajui aliyeanguka ng'ambo ya ukuta ni nani.

Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 kuhusu mamlaka za ndani inatambua miji, komini, sekta na sheferi. Basi jambo hili si la kungoja Kinshasa peke yake. Mji unaotaka kulinda watu wake uanze mapema, miezi kabla ya sikukuu, na uulize maswali ya milango mitatu. Nani analeta marobota sokoni? Analaza wapi usiku, je, ni ndani ya nyumba anamolala na watoto? Anamuuzia nani? Mara nyingi anayenunua ni mtoto mwenye franka za Idi mkononi, na maandishi ya hatari juu ya boksi yako katika lugha asiyoisoma yeye wala aliyemuuzia. Kumkamata mtoto huyo saa 4 usiku si kazi ngumu, lakini anayeleta mzigo anabaki salama na mwaka ujao analeta tena.

Na katazo likitolewa, liwe sawa kwa wote. Likiwagusa watoto wa nyumba za mbao tu, huku wakubwa wakiwasha za kwao katika hoteli kando ya ziwa, watu wataliona kuwa ni dharau na hawatalishika.

6. DINI YETU INASEMAJE

Hatutaki kuharimisha furaha. Idi ni siku ya furaha, na mtoto ana haki ya kucheza. Lakini dini yetu imetufundisha kwamba mtu asidhuru wala asidhuriwe, kwamba kumtisha mwenzako hata kwa mzaha ni kosa, na kwamba mali itaulizwa ilitumika wapi. Fataki iliyochomwa kwa kumtisha jirani imeyavunja yote matatu kwa mara moja. Jirani huyo akiwa si Mwislamu, haki yake ni ileile.

Wala ukaguzi wa soko si mzigo wa kigeni kwetu. Miji ya Waislamu wa zamani ilikuwa na muhtasib, mtu aliyepita sokoni kutazama vipimo na mizani, hata tanuri za waoka mikate zisitese watu kwa moshi. Hakungoja nyumba iungue ndipo aje.

Basi tufanye haya. Mzazi atazame mtoto ananunua nini kwa franka za Idi. Mfanyabiashara wetu asilete mzigo asiojua nguvu yake, na asiweke baruti ndani ya nyumba ya kulala. Vijana wa msikiti waende kwa nyumbakumi na shefu wa avenyu kabla ya sikukuu, wakubaliane naye, si kungoja polisi. Aliyeokota petari ambayo haikulia asiirudie kuiwasha, wala asiinamie juu yake. Wengi hupoteza jicho au vidole hapo.

MASWALI YA KUJADILI BAADA YA SWALA

1. Katika avenyu yetu, fataki zinauzwa wapi, na usiku zinalazwa wapi?
2. Kati ya ghala, duka na barabara, ni mlango gani ambao makatazo ya mji wetu yameuacha wazi?
3. Ni nani katika majirani zetu ambaye mlio wa petari humuumiza zaidi, na tumewahi kwenda kumsikiliza?

Mwenyezi Mungu azilinde nyumba zetu na watoto wetu, na aujaalie mji wetu amani. Amin.

Wassalamu alaykum.