Shemeji, basi na mikoba iliyoyeyuka

Shikamoo Shangazi. Nauza mikoba na viatu vya kike Instagram, mzigo nachukua Kariakoo. Wateja wangu wengi wako mikoani. Mdogo wake mume wangu yuko ofisi ya mizigo ya basi la Mwanza, kwa hiyo kila kifurushi nampa yeye: bei ya kishkaji, risiti hakuna. Mwezi uliopita mikoba mitatu ya mteja wa Ukerewe imeyeyuka. Shemeji anasema alimkabidhi konda, konda anasema aliishusha Nyegezi, na mteja ananitukana mbele ya wafuasi wangu wote. Wapo wanaoniambia nihamie Posta. Wengine wanasema nitafute kampuni kubwa ya kimataifa nimalize kabisa, maana kuna dada yuko Columbus, Marekani, anataka viatu. Nimchague nani bila kuvunja nyumba yangu?
Mama Mikoba, Tabata

Marahaba mwanangu. Kwanza mrudishie huyo mteja hela yake, leo hii, kabla hujamaliza kusoma gazeti. Alikulipa wewe, shemeji hamjui, konda hamjui. Ukishatuma, mjibu palepale alipokutukania, kwa maneno machache na bila kumtaja mtu.

Sasa tuzungumze. Unatafuta mbebaji mmoja wa wateja wote, na wateja wenyewe wametawanyika. Kwa aliye Dodoma, Mbeya au Mwanza mjini, sioni wa kushindana na basi. Tangu Oktoba 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kutembea usiku, mzigo ulioupeleka Mbezi jioni unaweza kupokelewa Dodoma alfajiri. Ila basi linaishia stendi. Mteja wako wa Ukerewe alikuwa na ziwa zima mbele yake. Nani alipangiwa kuutoa mzigo Nyegezi na kuupandisha chombo cha kwenda Nansio? Kwa barua yako, hakuna. Mzigo usio na mwenyewe stendi hauhitaji hata mwizi hodari.

Mteja wa namna hiyo mpeleke Posta. Ukituma kwa EMS unapewa namba: herufi mbili, tarakimu tisa, halafu TZ. Mtumie mteja afuatilie mwenyewe, akupunguzie simu za saa nne usiku. Uliza kaunta mzigo wa Nansio huchukua siku ngapi, nawe umwongezee mteja mbili juu ya hizo. Mkumbushe pia kwamba ataufuata ofisini.

Hizo kampuni za kimataifa ni hadithi nyingine, na hapa wauzaji wa mikoba huumia. Mzigo wa ndege haulipiwi kwa mizani peke yake. Wanapima urefu, upana na kimo kwa sentimita, wanazidisha, wanagawanya kwa 5,000, kisha wanatoza uzito ulio mkubwa. Boksi la 40 kwa 30 kwa 20 linahesabiwa kilo 4.8 hata kama ndani mna kilo mbili na hewa. Kwa hiyo viatu viingie ndani ya mkoba, na boksi libane. Halafu kuna ushuru: tangu 29 Agosti 2025 Marekani imeondoa msamaha uliokuwa unavipitisha vifurushi visivyozidi thamani ya dola 800. Dada wa Columbus aelezwe hilo kabla hajalipa, na mkubaliane ushuru ni wa nani. Kwa jozi moja ya viatu, mimi ningemwambia asubiri aagize pamoja na wenzake.

Tumebaki na shemeji, na nadhani ndiye aliyekufanya uandike. Usimfukuze, na wala usimkabili wewe. Mumeo aongee na mdogo wake: kuanzia sasa mizigo ya shemeji yake inapita dirishani kama ya watu wengine. Risiti iwe na jina la kampuni, idadi ya vifurushi, thamani, namba ya gari na simu ya mpokeaji. Basi linalobeba vifurushi kibiashara linatakiwa kuwa na leseni ya TCRA, kwa hiyo ukiwa na risiti una pa kushtaki. Ukiwa na neno la konda huna kitu. Isome na nyuma, kwenye yale maandishi madogo, ujue fidia inaishia wapi. Mzigo unaozidi hapo ugawe. Hiyo bei ya kishkaji piga hesabu uone kama imefikia bei ya mikoba mitatu.

Akikubali, mpe ya soda kama zamani. Akianza kukwepa risiti, mumeo atakuwa amepata jibu la swali ambalo wewe huwezi kuliuliza sebuleni.

Na namba ya simu ya mpokeaji iandike kwa maka pen juu ya boksi lenyewe, pande mbili. Karatasi ya kubandika hubanduka.