JESHI LETU NCHI ZA NJE: TUTABISHANA NAMNA GANI BILA KUVUNJA KIKUNDI?



Somo la toleo hili si la kuku wala la mboji. Ni la jambo ambalo mara nyingi huzuka mkutano ukishafungwa, watu wakiwa wanakunywa chai: wanajeshi wa Kenya walioko Somalia. Mmoja anasema walifanya vizuri kwenda. Mwingine anasema walienda kuchokoza nyuki. Kabla ya vikombe kukauka, watu wameshagawanyika, na wiki inayofuata wawili hawaji mkutano. Mchango wao nao hauji.

Hapa Nakuru jambo hili si habari ya mbali. Kambi ya Lanet iko mlangoni mwa mji, na Gilgil kuna kambi. Vijana wetu wa Molo, Njoro, Subukia na Rongai hupanga foleni siku ya kuandika makurutu. Katika kikundi kimoja unaweza kukuta mama wa askari ameketi karibu na baba aliyezika mtoto kwa sababu ya shambulio la magaidi. Neno moja la ovyo linaweza kuwaumiza wote wawili. Ndiyo maana tunaleta somo hili.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo wanakikundi waweze:
(a) kueleza kwa ufupi jinsi Kenya ilivyoingia Somalia, na yaliyofuata;
(b) kutenganisha maswali manne ambayo watu huyachanganya;
(c) kujua sheria inampa nani uwezo wa kutuma askari nje;
(d) kubishana bila kutukanana.

Muda: saa moja na nusu. Vifaa: karatasi kubwa nne na kalamu. Mwezeshaji asiwe mtu anayejulikana kwa upande mmoja.

1. YALIYOTOKEA

Septemba na Oktoba 2011 watalii walitekwa nyara katika pwani ya Lamu, na wafanyakazi wawili wa misaada wakatekwa Dadaab. Katikati ya Oktoba 2011 serikali ya Rais Mwai Kibaki ilituma jeshi kuvuka mpaka kuwafuata Al-Shabaab. Kazi hiyo iliitwa Operesheni Linda Nchi. Serikali ilisema Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ibara ya 51, unairuhusu nchi kujikinga. Siku chache baadaye Rais wa Somalia wa wakati huo, Sheikh Sharif Ahmed, alisema hadharani kwamba hakupendezwa na namna jeshi lilivyoingia. Kwa hiyo ubishi ulianza mapema, hata kati ya marafiki.

Mwaka 2012 askari wetu waliingizwa katika AMISOM, jeshi la Umoja wa Afrika, ambamo Uganda na Burundi walikuwa wametangulia. Mwishoni mwa Septemba 2012 bandari ya Kismayo iliondolewa mikononi mwa Al-Shabaab. AMISOM iligeuka kuwa ATMIS Aprili 2022, na tangu Januari 2025 inaitwa AUSSOM. Jambo lililoanza kama safari ya kufukuza watekaji limepita miaka kumi.

Huku nyumbani nako damu ilimwagika. Septemba 2013, watu 67 waliuawa Westgate, Nairobi. Juni 2014, Mpeketoni, waliuawa watu wapatao 60. Novemba na Desemba 2014, abiria 28 wa basi na wafanyakazi 36 wa machimbo ya mawe waliuawa Mandera. Tarehe 2 Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa, waliuawa watu 148, wengi wao wanafunzi. Nao askari wetu walishambuliwa kambini El Adde tarehe 15 Januari 2016, na tena Kulbiyow Januari 2017.

2. UBISHI WENYEWE

Tusikilize pande zote kama zinavyosema zenyewe. Mithali 18:17 inatuonya kwamba anayetangulia kusema huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje amhoji.

Upande wa kwanza husema: Magaidi walitufikia kabla hatujawafuata. Bomu la ubalozi wa Marekani Nairobi lilikuwa Agosti 1998, likaua zaidi ya watu 200. Hoteli ya Kikambala ilipigwa Novemba 2002. Wakati huo hatukuwa na askari hata mmoja anayepigana Somalia. Afadhali adui azuiwe mbali kuliko kumngoja sebuleni. Na tukitoka haraka, nafasi tutakayoacha itajazwa na nani? Rais Uhuru Kenyatta alishikilia msimamo huo hata baada ya Garissa.

Upande wa pili husema: Ni kweli tulipigwa zamani, lakini mashambulio ya Al-Shabaab ndani ya Kenya yaliongezeka sana baada ya 2011. Uganda ilipeleka askari Somalia mwaka 2007, na Julai 2010 Kampala ikapigwa mabomu, zaidi ya watu 70 wakafa. Tena, linda nchi kwanza nyumbani: mpaka ulindwe, rushwa ya polisi njiani ikomeshwe. Raila Odinga, aliyekuwa Waziri Mkuu jeshi lilipoingia, baadaye aliitaka serikali iwarudishe askari nyumbani. Unaona, hata mtu mmoja anaweza kuunga mkono kuingia na kisha akaunga mkono kutoka. Huko si lazima kuwe kigeugeu.

Kuna pia waliouliza habari za pesa. Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku makaa ya Somalia kuuzwa nje. Novemba 2015 shirika la Kenya liitwalo Journalists for Justice lilitoa ripoti likidai kwamba maofisa wa jeshi walifaidika na biashara ya makaa na sukari ya Kismayo. Jeshi lilikana. Kikundi kisiseme limethibitika, wala kisiseme halikuulizwa.

3. MASWALI MANNE, SI MOJA

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Ukisikiliza vizuri utagundua kwamba wanaobishana mara nyingi hawajibu swali moja. Maswali ni manne:

Swali la 1: Je, sababu ya kuingia ilikuwa ya haki?
Swali la 2: Je, kuingia kulifuata sheria?
Swali la 3: Je, kazi imefaulu?
Swali la 4: Sasa tufanye nini, tukae ama tutoke?

Mtu aweza kujibu ndiyo kwa la kwanza na hapana kwa la tatu. Mwingine aweza kusema hatukupaswa kuingia, lakini kwa kuwa tuko ndani tusikimbie. Anayesema "turudi" hajasema kwamba askari ni wabaya. Anayesema "tukae" hajasema kwamba waliokufa Garissa si kitu. Ubishi ukipanda, mwezeshaji aulize tu, "Ndugu, sasa unajibu swali la ngapi?" Mara nyingi sauti zitashuka zenyewe.

4. KUHESABU GHARAMA

Katika Luka 14:31-32 Yesu anatoa mfano wa mfalme anayetaka kwenda vitani. Kwanza anaketi kuhesabu kama askari wake elfu kumi wataweza kumkabili mwenye elfu ishirini. Akiona hawawezi, anatuma wajumbe kutafuta amani. Vikundi vyetu vinajua jambo hili. Hatununui ng'ombe wa maziwa kabla ya kuhesabu majani, dawa na maji.

Lakini huwezi kuhesabu gharama kama umefichwa hesabu. Baada ya El Adde serikali haikutangaza idadi kamili ya askari waliokufa. Vyombo vya habari vilitaja zaidi ya 140. Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, alitaja kati ya 180 na 200, na jeshi letu likakataa hesabu hiyo. Ibada ya kumbukumbu ilifanywa katika kambi ya Moi, Eldoret, Januari 2016. Wengine walisema idadi ikitajwa, adui atafurahi. Wengine walijibu kwamba mzazi na mlipa kodi wana haki ya kujua. Fikirini wenyewe: mweka hazina akikataa kusoma hesabu ili majirani wasicheke, mtamkubalia? Halafu fikirini pia upande wa pili: vita ni sawa na kikundi cha akiba, ama kuna tofauti?

5. SHERIA INASEMA NINI

Wazee wetu walipelekwa vitani na serikali ya mkoloni bila kuulizwa, wengine hata Burma. Leo tuna Katiba ya 2010. Ibara ya 240(8) inasema Baraza la Usalama wa Taifa laweza kutuma majeshi nje ya Kenya kwa kazi za kulinda amani, lakini kwa idhini ya Bunge. Ibara ya 132 inasema Rais hutangaza vita kwa idhini ya Bunge. Mwaka 2011 jeshi lilivuka mpaka Oktoba, na Bunge lilikubali lijiunge na AMISOM mwezi wa Desemba. Wengine waliona ni kuchelewa. Wengine wakasema hatari haingoji kikao.

Kesi ya Haiti ilitufundisha zaidi. Oktoba 2023 Umoja wa Mataifa ulikubali Kenya iongoze ujumbe wa kupambana na magenge ya Haiti, na Kenya iliahidi polisi 1,000. Dk. Ekuru Aukot na chama chake walikwenda mahakamani. Tarehe 26 Januari 2024 Jaji Chacha Mwita aliamua kwamba Baraza la Usalama wa Taifa lina uwezo wa kutuma wanajeshi nje, si polisi, na kwamba polisi hawaendi nchi nyingine bila makubaliano maalum na nchi hiyo. Machi 2024 serikali ikatia sahihi makubaliano na Haiti, na polisi wa kwanza wakafika Haiti tarehe 25 Juni 2024. Watu wa Bonde la Ufa waliuliza: mbona polisi waende Haiti na Baringo ng'ombe wanaibwa na watu wanauawa? Hilo ni swali halali. Jibu halali pia lipo, kwamba nchi inayosaidiwa na wengine nayo husaidia. Sisi wa Nakuru tunajua: Januari 1964 askari wa Lanet walipoasi, serikali ya Kenyatta iliita askari wa Uingereza kuzima maasi hayo.

Funzo: raia anaweza kuuliza bila kuwa msaliti. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

6. JIRANI YETU ASIGEUZWE ADUI

Madhara mengine ya vita hayatoki kwa bunduki. Aprili 2014 serikali ilianza Usalama Watch, na Wasomali wengi, hata wenye vitambulisho vya Kenya, walikamatwa na wengine kuwekwa uwanja wa Kasarani. Hapa kwetu pia kuna Wakenya Wasomali wenye maduka na malori. Wengi wamezaliwa hapa. Sisi tulioona Januari 2008 jinsi majirani wa Nakuru na Naivasha walivyogeuziana panga tunajua maneno huanza wapi.

Kumbukeni Desemba 2015, karibu na El Wak, Mandera. Wauaji walisimamisha basi wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa kutengwa. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi pale na akafariki mwezi uliofuata. Mtu akisema "hao wote ni Al-Shabaab", mwambieni habari za mwalimu huyu.

KAZI YA KIKUNDI

Andikeni maswali manne ya sehemu ya 3, kila moja kwenye karatasi yake. Gawanyikeni makundi manne. Kila kundi liandike sababu tatu za kila upande, hata upande wasioupenda. Mwamba ngoma huvutia kwake, kwa hiyo anayependa upande mmoja ndiye aombwe kusoma sababu za upande wa pili. Msipige kura. Lengo si kushinda.

Kisha jadilini pamoja:
1. Ni jambo gani tulilosikia leo ambalo hatukulijua?
2. Je, kuna familia ya askari katika kijiji chetu ambayo hatujaitembelea tangu kijana wao aende? Twende lini, na tubebe nini?
3. Kama tungemwandikia mheshimiwa mbunge wetu swali moja tu kuhusu askari walioko nje, lingekuwa lipi? Karani aliandike, wanachama watie sahihi, lipelekwe.
4. Tukisikia neno la chuki juu ya jirani, nani atalijibu, na kwa maneno gani?

SHERIA ZA MJADALA: Mmoja aseme, wengine wasikilize. Anayetaja idadi aseme ameipata wapi. Hakuna kumtaja mtoto wa mtu aliye jeshini bila ruhusa ya mzazi. Aliyefiwa akitaka kunyamaza, aachwe anyamaze.

Fungeni kwa sala. Waombeeni askari wetu warudi salama, waombeeni watu wa Somalia na wa Haiti wanaotafuta usingizi kama sisi, na waombeeni viongozi waketi chini wahesabu kabla ya kutuma mtoto wa mtu.

Mungu awabariki.