KUULIZA KABLA YA KUTENGENEZA

Neno utafiti linawatisha wengi. Watu hudhani ni kazi ya maprofesa tu. Lakini mbuzi wako akipotea, ukafuata nyayo zake na kuuliza nyumba hadi nyumba, huo nao ni utafiti. Leo tutazame utafiti wa wanafunzi fulani.

Mwaka 2007, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipewa kazi darasani. Kazi yenyewe ilihusu watoto njiti, yaani watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Mtoto njiti hana mafuta ya kutosha mwilini, kwa hiyo hupoteza joto upesi. Baridi inaweza kumwua. Hospitalini huwekwa katika mashine ya kumtia joto. Bei ya mashine moja iliweza kufika dola 20,000. Wanafunzi waliambiwa watengeneze ya dola 200 hivi.

Wangeweza kukaa darasani na kuanza kuchora. Lakini mwenzao mmoja, Linus Liang, alisafiri mpaka Nepal, nchi ya milima mirefu huko Asia. Katika hospitali ya mjini alikuta mashine zipo, lakini nyingine hazina watoto. Ajabu! Akauliza, kulikoni? Daktari akamweleza kwamba watoto njiti wengi huzaliwa vijijini, na hufa kabla ya kufikishwa mjini. Basi hata mashine ingetolewa bure, ingemfaa nini mama asiye na umeme?

Hapo swali likageuka. Mwanzo waliuliza mashine itapunguzwaje bei. Sasa wakauliza mama aliye kijijini atampaje mtoto joto.

Wakabuni mfuko mdogo wa kumlaza mtoto. Ndani yake huingizwa pakiti yenye kitu mfano wa nta. Kwanza pakiti hupashwa moto mpaka nta iyeyuke. Nta ikianza kuganda tena polepole, hutoa joto kama la mwili, nyuzi 37 hivi, kwa muda wa saa nne hivi. (Kumbuka: kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, ni njia nzuri sana na haina bei. Mfuko husaidia pale mama asipoweza.)

Vikwazo havikwisha. Mfano mmoja waliopeleka India ulikuwa na kipimo cha joto chenye namba. Mama mmoja wa kijijini aliambiwa apashe mpaka 37. Akajibu kwamba yeye angepasha chini ya hapo. Kwake yeye dawa za kigeni ni kali mno. Daktari akisema kijiko kimoja, yeye humpa mtoto nusu.

Mtu wa haraka angemwita mama huyu mjinga. Mimi naona aliwafundisha jambo ambalo halimo vitabuni. Alikuwa anamlinda mwanawe. Wabunifu wale hawakubishana naye. Waliondoa namba, wakaweka alama inayoonyesha tu kama joto linafaa au bado. Mfuko ulianza kutumika India mwaka 2011, miaka minne baada ya kazi ile ya darasani.

Maswali ya kikundi: Je, kijijini kwenu kuna kitu kilicholetwa na wataalamu kikaachwa bila kutumika? Kabla hakijaletwa, nani aliulizwa?