Kutoka Lumbwa hadi Kipkelion: Stesheni, Msamiati na Jina la Mahali

Utangulizi

Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilifika Kisumu mwaka 1901. Baada ya Nakuru, ilipita kaskazini mwa nchi ya majani chai, katika Londiani, Lumbwa na Fort Ternan. Miji ya Kericho na Bomet haikupitiwa na reli hiyo. Hivyo Lumbwa ikawa ndiyo stesheni ya Kericho. Makala haya yanachunguza lugha ya stesheni hiyo ndogo, hasa jina lake.

Msamiati wa Reli

Nomino reli, stesheni na tikiti zimetoholewa kutoka Kiingereza. Gari, lenye asili ya Kihindi, liliungana na moshi, neno la Kibantu, kuunda garimoshi. Behewa, ambalo pia ni ua wa ndani ya nyumba, lilipanuliwa maana. Kituo limetokana na kitenzi tua: ni mahali mchukuzi anapotua mzigo wake. Kijapani nacho huita stesheni eki, neno ambalo kale lilitaja kituo cha farasi wa safari. Aghalabu, lugha hupokea kitu kipya kwa kurejelea uzoefu wake wa zamani.

Jina na Hadhi

Ukopaji wa aina hiyo haumdhuru mtu. Jina la jamii ni suala jingine. Lumbwa ni jina lenye asili ya Kimaasai, lililotumiwa kwa watu wakulima. Serikali ya kikoloni ililitumia kuwaita Wakipsigis, ilhali wenyewe hawakujiita hivyo. Lilipoandikwa kwenye ubao wa stesheni na kwenye ramani, kila abiria alilitamka kana kwamba ndilo halali.

Leo mahali hapo panaitwa Kipkelion, jina ambalo pia limebebwa na maeneo mawili ya bunge katika Kaunti ya Kericho. Hata hivyo, Fort Ternan, penye jina la afisa wa kijeshi Mwingereza, Trevor Ternan, pamebaki na jina hilo.

Hitimisho

Treni ya abiria ya Nairobi hadi Kisumu iliporejea Desemba 2021, ilipita Kipkelion, si Lumbwa. Lakini katika kumbukumbu za kikoloni jina la kale lingalipo. Mwanafunzi wa Kiswahili atakayezitafsiri asilinakili tu. Aeleze ni nani aliyeliita jina hilo, na ni nani aliyeitwa bila kuulizwa.