Kabla ya Kuwasha Pikipiki, Washa Ramani

Wanachuo wenzangu, muda si mrefu tutasambaa mikoani kwa mafunzo ya ualimu kwa vitendo. Shule nyingi tutakazopangiwa ziko mbali na lami, na usafiri wa huko ni pikipiki. Somo la leo ni namna ya kuipanga safari hiyo kwa simu, kwa vitu vya bure vilivyomo mtandaoni. Mfano wangu ni wa nyumbani: kutoka Nyakunguru, Tarime, kuvuka Mto Mara hadi Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti.

1. Tumia ramani mbili. Google Maps inafaa kwa barabara kubwa na picha za setilaiti. Kwa njia za vijijini, fungua pia OpenStreetMap, ramani huru iliyoanzishwa mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Programu za Organic Maps na OsmAnd zinaitumia. Pakua ramani ya mkoa mzima ukiwa kwenye waifai ya chuo. Mtandao ukikata njiani, simu itaendelea kukuonyesha ulipo, maana GPS haihitaji bando.

2. Chunguza mto. Mto Mara unaanzia nyanda za Mau, Kenya, unapita Masai Mara na Serengeti, kisha unamwaga Ziwa Victoria. Mvua kubwa ikinyesha huko juu, maji yanaweza kujaa kwetu hata kama jua linawaka. Kwa hiyo njia kugusa mto kwenye ramani si uthibitisho kwamba kuna daraja. Huenda ni mahali pa kunyweshea ng'ombe tu. Kuza picha ya setilaiti: kama barabara inaonekana kingo zote mbili lakini juu ya maji hakuna kitu, zunguka ukatafute daraja. Kumbuka pia kwamba picha inaweza kuwa ya kiangazi cha miaka iliyopita.

3. Soma mvua. Tazama utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA). Masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Udongo mweusi ukilowa hunasa gurudumu, na saa moja ya kiangazi inageuka saa tatu za kusukuma.

4. Piga hesabu ya mafuta. Pikipiki ya nyumbani inakwenda kama kilomita 40 kwa lita. Safari ya kwenda na kurudi ikiwa kilomita 120, ni lita 3. Ongeza moja na nusu ya kuzunguka na matope. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, hivyo utajua mapema chupa ya barabarani imekupiga kiasi gani.

5. Angalia sheria. Kama chombo ni cha kuazima, ingiza namba yake kwenye mfumo wa Polisi wa Usalama Barabarani uone kama kina deni la faini. Na ukiona ramani inakupitisha ndani ya Hifadhi ya Serengeti, achana nayo: pikipiki haziruhusiwi humo.

6. Mwisho, piga simu. Ramani haijui kwamba jana lori limekwama kwenye kilima, wala kwamba tembo wametoka hifadhini. Bodaboda wa kijijini anajua. Muulize, "Mura, njia inapitika?" Kisha panga ufike kabla ya giza.

Sasa, kwa nini vijiji vya Serengeti vimo kwenye ramani huru? Tangu mwaka 2015, watu wa kujitolea wa Crowd2Map wamekuwa wakichora nyumba na barabara za vijijini Tanzania kutoka kwenye picha za setilaiti, huku wenyeji wakijaza majina. Msukumo ulikuwa kuwafikia mabinti wanaokimbia ukeketaji. Rhobi Samwelly, mwanaharakati anayewahifadhi mabinti hao Mugumu, alihitaji kujua kijiji kiko wapi na kinafikiwaje. Binti akipiga simu usiku akataja kijiji ambacho hakimo kwenye ramani, wanaomtafuta wanapoteza saa ambazo yeye hana.

Hapo ndipo somo hili linapotuhusu sisi walimu watarajiwa. Shule zikikaribia kufungwa Desemba, binti mwenye hofu anaweza kumwambia mwalimu wake kabla ya mtu mwingine yeyote. Mwalimu huyo anatakiwa awe ameshajua njia ipi inapitika na daraja liko wapi.

Zoezi. Leo jioni fungua OpenStreetMap, tafuta kijiji chenu. Je, shule ipo? Zahanati? Kisima? Jina limeandikwa sawasawa? Jisajili, ongeza kimoja unachokijua kwa hakika. Usichokijua, mwulize mzee wa nyumbani kwanza, ndipo uchore.