Oda ya tisheti 40 iliyoponzwa na kiungio cha waya

Leo siongelei kapsheni wala matangazo. Naongelea kitu kilichojificha nyuma ya meza yako sasa hivi: ekstensheni.

Mimi naprinti tisheti na kuuza mtandaoni, kazi nafanyia nyumbani. Siku moja nikapata oda ya tisheti 40 za sherehe ya familia, zifike kesho yake asubuhi. Usiku nikawasha mashine ya kuprinti na pasi, zote kwenye ekstensheni moja. Waya yake ilishawahi kukatika, nikaiunga mwenyewe: nikasokota, nikazungushia tepu nyeusi, maisha yakaendelea. Juu yake nikarundika tisheti zilizokwisha.

Saa sita usiku nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Kunyanyua rundo, moshi! Nikakimbilia swichi ya ukutani, nikazima. Tisheti 11 zimeshaharibika. Hela ya mteja nikarudisha yote, na mpaka leo dada yule hajaniandikia tena. Ila namshukuru Mungu nilikuwa macho, maana watoto walikuwa wamelala chumba cha pili.

Kilichonishangaza ni kwamba fyuzi haikukatika. Fundi umeme ndiye aliyenifungua macho. Twende taratibu.

1. PIGA HESABU YA MZIGO
Chukua wati za vifaa vyote, gawanya kwa volti 230. Mashine yangu ni wati 1,800, pasi wati 1,400. Jumla 3,200, ukigawanya unapata karibu ampia 14. Plagi ya kawaida ya miguu mitatu mwisho wake ni ampia 13. Na fyuzi ya 13 haikatiki papo hapo ukizidisha kidogo, inaweza kuvumilia muda mrefu huku waya inachemka.
Kumbuka: ekstensheni kuwa na matundu manne haimaanishi inabeba mara nne. Matundu yote yanakunywa kwenye waya ile ile moja.

2. KIUNGIO NDIPO PENYE MOTO
Waya nzima husambaza joto lake kwa urefu wote. Kiungio kilicholegea kinalikusanya sehemu moja. Joto lake ni ampia mara ampia mara ukinzani. Chukua ampia 14 na kiungio kibovu chenye ukinzani wa omu 0.2 tu: 14 x 14 x 0.2 ni kama wati 39. Kile kichuma cha fundi redio cha kuyeyushia risasi mara nyingi kina wati 40. Yaani nilikuwa nimekifunga tepu na kukifunika tisheti!
Na kinazidi kuharibika. Kikipata moto kinatanuka, kikipoa kinasinyaa, kinalegea, shaba inashika kutu, ukinzani unapanda, joto linaongezeka. Fyuzi haioni hayo, yenyewe inaangalia ampia tu, siyo joto la kiungio.

3. JOTO LINATAKA PA KUTOKEA
Plastiki ya waya nyingi za nyumbani imetengenezwa kuvumilia kama nyuzi 70. Ukiiviringisha waya, ukaipitisha chini ya zulia au ukaifunika na mzigo, joto halitoki. Ekstensheni ya kuviringisha ikunjue yote kabla ya kuwasha kifaa kikubwa.

NINAFANYA NINI SASA?
• Mashine ina soketi yake ya ukutani. Pasi haikai nayo tena.
• Waya ikikatika, nanunua nyingine nzima. Siungi.
• Nasoma unene ulioandikwa kwenye waya. Milimita za mraba 0.75 ni ya ampia 6 tu, inatosha taa ya kupigia picha na chaja. Kwa mashine nachukua 1.5.
• Sichomeki ekstensheni juu ya ekstensheni.
• Baada ya nusu saa ya kazi nazima, nachomoa, nagusa plagi na waya. Uvuguvugu sawa. Ikiwa ya moto, au plagi imebadilika rangi, kazi inasimama mpaka fundi aje.
• Ikitoa moshi: zima ukutani kwanza. Usimwage maji kwenye umeme.

Ekstensheni nzuri niliyonunua baadaye ilikuwa na bei ndogo kuliko zile tisheti 11. Ningeinunua mapema, ningekuwa bado na mteja wangu.

Kabla hujapanga mzigo wa leo, inua ulichorundika nyuma ya meza uangalie. Ukikuta tepu nyeusi, bosi wangu, chomoa kwanza, oda baadaye. Mtumie na mwenzako anayefanyia kazi chumbani.