Dondoo muhimu: Joto la nyaya kwenye pikipiki ya umeme

Unapanda mlima kwenda Mgeta, Morogoro, na abiria, mota inadai umeme mwingi. Kabla ya kubadili nyaya, piga hesabu.

Joto la waya, kwa wati, ni ampea mara ampea, kisha mara ukinzani. Waya wa shaba wa milimita 16 za mraba, mita 2 kwenda na kurudi, una ukinzani wa takriban omu 0.00215. Kwa ampea 40 unapoteza wati 3.4, kwa ampea 80, karibu 14. Mkondo maradufu, joto mara nne.

Waya ukipata joto, ukinzani wa shaba hupanda karibu asilimia 4 kwa kila nyuzi 10. Kwa hiyo rudia hesabu kwa joto la waya unapopanda mlima, si ukiwa gereji.

Tatizo kubwa, kwa maoni yangu, si waya bali maungio. Nati iliyolegea yenye omu 0.01, kwa ampea 80, hutoa wati 64 mahali padogo kuliko kidole. Hapo ndipo plastiki huyeyuka.

Volti kubwa hupunguza ampea kwa nguvu ileile. Ndiyo maana treni ya SGR inayopita Morogoro hutumia volti 25,000. Pikipiki yako haiwezi hilo, na usiongeze betri kiholela: kontrola ya mota inaweza kuungua.

Ukishuka, zima, chomoa betri, kagua maungio. Lililobadilika rangi libadilishwe siku hiyohiyo.